Kukata kifungo cha ATP hakutoi nishati

Sentensi hii kuhusu ATP, molekuli inayoendesha kazi nyingi za seli, imenichosha: "ATP huhifadhi nishati kwenye kifungo cha fosfati; kifungo kikikatika, nishati hutoka." Imo kwenye notisi za kidato cha sita, imo kwenye slaidi za mwaka wa kwanza, na wiki hii nimeikuta tena, safari hii ikiwa na mchoro wa springi. Kukata kifungo cha kikemikali hugharimu nishati. Kifungo chochote. Fosfati haikupewa msamaha. Kupasua kuni kwa shoka hakuwashi moto.

Nishati huru (ile inayoweza kufanya kazi; mabadiliko yake huandikwa ΔG) inatokana na mmenyuko mzima: ATP na maji upande huu, ADP (ATP iliyopungukiwa fosfati moja) na fosfati upande ule. Vifungo vinakatika, vingine vinaundwa, maji yanajipanga upya kuzunguka ioni, Mg²⁺ (ioni ya magnesi) inabadilisha wa kushikana naye. Kwa pH 7 na hali sanifu, yaani kila kimoja kikiwa moli 1 kwa lita, jumla ni takribani −30.5 kJ/mol. Vitabu hutaja sababu tatu: chaji hasi kusukumana, resonansi (elektroni kusambaa juu ya atomu kadhaa), na maji kuyashika mazao vizuri zaidi. Sawa, ila mgawanyo wa kilojuli baina ya hizo tatu hutegemea jinsi mtu alivyoamua kupiga hesabu. Orodha ile ni safi kuliko kemia yenyewe.

Halafu hiyo −30.5 si ya seli. Hakuna seli yenye ATP moli 1 kwa lita. Chukua ATP 5 mM (milimoli kwa lita), ADP 0.5 mM, fosfati (Pi) 5 mM, joto 37 °C. ΔG ya seli ni −30.5 ukijumlisha RT (kigezo cha gesi mara joto) mara ln, logi asilia, ya uwiano wa mazao kwa ATP. RT ni 2.58 kJ/mol. Uwiano wa [ADP][Pi]/[ATP] ni 0.0005, ln yake −7.6, kwa hiyo unaongeza −19.6 na kufika karibu −50. Wengi hukosea hapa kwa kuingiza milimoli bila kuzigeuza kuwa moli kwa lita: wanapata ln(0.5), jibu −32, kisha wanatangaza kwamba ukolezi "hauna athari kubwa".

Hapo ndipo springi inapovunjika. Weka mchanganyiko uleule kwenye chupa pamoja na kimeng'enya cha kuuhidrolisi, uache ufike kwenye msawazo, pale mmenyuko unapokwenda mbele na nyuma kwa kasi sawa. ATP chache zitakazobaki zina vifungo vilevile, atomu kwa atomu, lakini haziwezi kusukuma hata ioni moja. ΔG ni sifuri. Mtaji wa seli ni kuuweka uwiano mbali na msawazo, mara milioni mia na zaidi, na kuulinda usirudi.

Nikiri kwamba −50 yangu nayo ina kasoro. Kwenye misuli, ADP nyingi imeshikwa na protini, na ukiitoa kwenye tishu kwa asidi unaihesabu yote, iliyoshikwa na iliyo huru. Ile iliyo huru hukadiriwa kupitia msawazo wa kreatini kinasi, kimeng'enya kinachohamisha fosfati kati ya kreatini na ADP, nayo hutoka makumi ya mikromoli kwa lita tu. Hapo ΔG inasogea hadi karibu −60. Makadirio hayo nayo yamesimama juu ya pH na Mg²⁺ ya kudhaniwa.

Kosa la pili ni kudhani ATP huvunjwa kwanza, kisha "nishati yake" inatumiwa. Maji yakiiwahi ATP, unachopata ni joto, na seli yenye joto moja kila mahali haiwezi kuligeuza kuwa kazi. Kimeng'enya cha heksokinasi huipeleka fosfati moja kwa moja kwenye glukosi: +13.8 ya kuiunganisha glukosi na fosfati, na −30.5 ya ATP, zinabaki −16.7. Hakuna kituo cha katikati ambapo nishati inasubiri abiria.

Ukitaka ushahidi unaouma, angalia miosini, protini inayokaza misuli. ATP ikiwa imekaa ndani yake, kukatwa kwake kuna kigezo cha msawazo (uwiano wa mazao kwa ATP kwenye msawazo) cha karibu 10, yaani −6 kJ/mol hivi, na mmenyuko unaweza kurudi nyuma. Kushuka kukubwa kwa nishati huru hutokea ATP inapoingia, kisha fosfati na ADP zinapotoka. Kama mkono wa miosini hupinda kabla au baada ya fosfati kutoka, watu bado wanabishana. Kwenye kimeng'enya kinachotengeneza ATP ndani ya mitokondria, Paul Boyer, aliyepata Nobel mwaka 1997, alionyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili: kuunda kifungo ni karibu bure, gharama kubwa ni kuiachia ATP itoke.