Family First: jinsi chama kidogo kilivyopanda na kushuka kwa hesabu za Seneti

Kila uchaguzi wa shirikisho unapokaribia hapa Australia, sisi tunaotoa elimu ya mpiga kura kwa wanajamii wanaozungumza Kiswahili huulizwa maswali mawili yale yale. La kwanza: je, watu wa dini wanaruhusiwa kuanzisha chama? La pili huja kama lawama: vyama vidogo vinauziana kura zetu, sasa tupange foleni ya nini? Historia ya chama cha Family First inayajibu yote mawili. Kukitaja hapa si kukipigia debe wala kukipinga. Misimamo yake kuhusu ndoa, utoaji mimba na malezi kila mtu ataipima mwenyewe.

Wengi wetu tumetoka Kenya na Tanzania, ambako chama hakiruhusiwi kuundwa kwa misingi ya dini. Australia haina katazo hilo. Kifungu cha 116 cha Katiba kinalizuia Bunge la shirikisho kuweka dini ya taifa, na kinakataza dini ya mtu kufanywa sharti la kushika wadhifa katika serikali ya shirikisho. Hakimzuii mchungaji kugombea. Mwaka 2002 Andrew Evans, mchungaji wa Kipentekoste kutoka Adelaide, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Australia Kusini, yaani baraza la juu la bunge la jimbo hilo, kwa tiketi ya Family First, chama ambacho hata jina lake lilitanguliza familia badala ya kanisa.

Usajili wa chama ngazi ya shirikisho una masharti yake. Chama kisicho na mbunge kinatakiwa kuwa na wanachama 1,500 waliomo kwenye daftari la wapiga kura. Kabla ya mabadiliko ya 2021 walitosha 500. Mwanachama mmoja hawezi kutumiwa na vyama viwili kutimiza idadi hiyo. Inatakiwa katiba ya chama iliyoandikwa, jina lisilozidi maneno 6, na ada ya dola 500. Maombi hutangazwa, na umma hupewa mwezi mmoja wa kuweka pingamizi. Anayeona chama fulani hakistahili aandike pingamizi ndani ya mwezi huo. Kulalamika baada ya karatasi za kura kuchapishwa hakusaidii.

Sasa lile la kuuziana kura. Katika uchaguzi wa 2004 Steve Fielding wa Family First alichaguliwa seneta wa Victoria, ilhali chama chake kilipata chini ya asilimia 2 ya kura za chaguo la kwanza. Chama cha Greens kilikuwa na zaidi ya mara nne ya kura hizo, na bado kiti cha mwisho kikaenda kwa Fielding. Hapakuwa na wizi. Jimbo linapochagua maseneta 6, kiti kimoja kinahitaji karibu asilimia 14.3 ya kura. Karatasi ya Seneti ina mstari: juu yake kuna visanduku vya vyama, chini yake vya mgombea mmoja mmoja. Tangu 1984 mpiga kura aliyeandika 1 tu juu ya mstari alikuwa ameridhia orodha ya mapendeleo iliyowasilishwa na chama chake, yaani mpangilio wa kura ihamie kwa nani mgombea akitolewa au akipata kura za ziada, hata kama hajawahi kuiona. Labor, mojawapo ya vyama vikubwa, walikuwa wamemweka Fielding mbele ya Greens, kwa hiyo kura zao za ziada zikamfuata.

Mpango huo ulifutwa mwaka 2016. Narudia kwa sababu tunaulizwa kila wiki: ulifutwa. Leo hakuna chama kinachoweza kuipeleka kura yako ya Seneti mahali ambapo hukuandika namba. Kikaratasi unachopewa nje ya kituo na wafuasi wa chama ni ushauri tu. Unaweza kukifuata au kukiacha.

Fielding alishindwa mwaka 2010 na kipindi chake kikaisha Juni 2011. Chama kilirudi Seneti kupitia Bob Day wa Australia Kusini, mfanyabiashara wa ujenzi wa nyumba, aliyechaguliwa 2013. Day aliyapinga mabadiliko ya 2016 mahakamani akashindwa, kisha mwaka huohuo akapata kiti cha 12, cha mwisho (mwaka huo kila jimbo lilichagua maseneta wote 12, si 6), chini ya kanuni zilezile alizozipinga. Novemba akajiuzulu baada ya kampuni zake kuanguka.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Seneta akijiuzulu, bunge la jimbo lake humteua mwingine wa chama kilekile. Lakini kama hakuwa na sifa tangu mwanzo, hakuna kiti kilichoachwa wazi, na kura huhesabiwa upya kana kwamba hakugombea. Aprili 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba Day alikuwa na maslahi ya kifedha katika mkataba wa pango la ofisi yake ya useneta. Mpangaji alikuwa serikali, na kodi ilielekezwa kwenye akaunti ya benki ya Day. Kifungu cha 44 cha Katiba hakiruhusu hilo.

Hesabu mpya ikampa kiti wa pili kwenye orodha, Lucy Gichuhi, wakili mzaliwa wa Kenya. Aliwekewa pingamizi la uraia wa nchi mbili, likakataliwa. Alipopata uraia wa Australia, Katiba ya zamani ya Kenya, iliyotumika hadi 2010, haikuruhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo ule wa Kenya ulikwisha wenyewe. Aliye na uraia wa Kenya leo asiutumie mfano huu kabla ya kumwona mwanasheria.

Siku chache baadaye Family First ikajiunga na chama cha Australian Conservatives cha seneta Cory Bernardi. Gichuhi hakukubali kuhamishwa. Akabaki seneta huru, na mwaka 2018 akaingia chama cha Liberal. Australian Conservatives hawakupata kiti mwaka 2019, wakaomba wenyewe kufutwa usajili. Jina Family First lilifufuliwa 2021 na Jack Snelling na Tom Kenyon, mawaziri wa zamani wa Labor huko Australia Kusini.

Kwa raia aliyetimiza miaka 18, kupiga kura ni lazima. Usipopiga utaandikiwa utoe sababu, na isipokubalika faini ni dola 20. Ukikaidi unaweza kufikishwa mahakamani, ambako faini huongezeka pamoja na gharama za kesi. Kwenye karatasi ya Seneti andika namba 1 hadi angalau 6 juu ya mstari, au 1 hadi angalau 12 chini yake. Aliyeandika 1 pekee juu ya mstari kura yake huhesabiwa, ila wagombea wa safu hiyo wakishatolewa haiendi kwingine. Kwenye karatasi ya Baraza la Wawakilishi jaza visanduku vyote. Ukikosea kabla hujaitumbukiza kwenye sanduku, irudishe kwa msimamizi upewe nyingine.