Kwa Nini Mmea Unaomwagiliwa Kila Siku Hunyauka

Mama mmoja alinijia amebeba chungu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ndani mlikuwa na monstera ya majani manne. Mawili ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, ya juu yamelala. "Mwalimu," akaniambia, "huu mmea naupa maji kila asubuhi. Sijaruka hata siku moja. Na nikiona umelegea jioni, nauongezea."

Nilishuku tatizo kabla sijagusa udongo, maana chungu kilikuwa kizito kuliko kimo chake. Nilimwomba ruhusa, nikakilaza ubavu, nikagonga kitako chake kwa kiganja na kuuchomoa mmea pamoja na bonge lake la udongo. Harufu ya yai viza ikatupiga usoni. Mizizi ilikuwa ya kahawia na inateleza. Nilishika mmoja kwa vidole viwili nikauvuta taratibu, ganda lake lote likavuka na kubaki vidoleni mwangu, ndani ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Mzizi mzima haukubali kufanyiwa hivyo. Huwa mweupe au rangi ya maziwa, umekaza, na ukiukunja sana unakatika.

"Basi nimeuua kwa mkono wangu?"

"Umezama, mama, lakini haujafa. Bado kuna mizizi mizima huku juu."

Nimefanya kazi ya mimea ya nyumbani na bustani ndogo kwa miaka mingi, na mimea mingi inayoletwa kwangu ikiwa hoi imezamishwa hivyo hivyo. Walioikausha ni wachache. Tena mara nyingi wanaozamisha ni wale wenye mapenzi makubwa, wanaoamka mapema na kupita na kopo la maji kila chungu. Hilo ndilo linaloniumiza, ndiyo maana nataka kueleza kinachotokea ndani ya udongo.

Mzizi ni kiungo kinachopumua. Majani hutengeneza sukari mchana kwa mwanga wa jua, sukari hiyo hushuka mizizini, na huko mizizi huiunguza kwa oksijeni ili ipate nguvu ya kukua na kufyonza maji na chumvichumvi. Oksijeni hiyo haitoki kwenye majani. Katika mimea mingi ya nyumbani hutoka kwenye nafasi ndogo ndogo zilizo katikati ya chembe za udongo. Ukimwagilia, maji huingia kwenye nafasi hizo na kuifukuza hewa. Maji yakichuruzika, hewa mpya huvutwa ndani. Kwa hiyo kumwagilia na kuacha ni kama kuvuta pumzi na kuitoa. Ukimwagilia tena kabla ya hewa kurudi, mizizi inabaki ndani ya maji, na oksijeni husafiri katika maji taratibu mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri katika hewa. Ile kidogo iliyomo huliwa upesi na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya udongoni.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mzizi uliokosa hewa hushindwa kuvuta maji hata kama umezungukwa nayo, na jani lisiloletewa maji hulegea. Mwenye mmea anaona jani limelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji. Dalili ni ile ile, ila chanzo kimegeuka. Lakini ukilishika jani utaona tofauti: jani lenye kiu huwa jembamba na hukauka kuanzia ukingoni mpaka likavunjikavunjika, wakati jani la mmea uliozama huwa laini, na umanjano wake huanzia majani ya chini. Udongo mbichi na jani lililolegea vikikutana, weka kopo chini.

Kinachofuata ni kuoza. Katika udongo uliojaa maji hustawi vimelea vinavyofanana na kuvu, kama vile Pythium, ambavyo hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, zenye mikia, zinazoogelea hadi kwenye mzizi uliodhoofika. Nao bakteria wasiohitaji oksijeni huanza kazi yao, na ile harufu ya yai viza ni gesi wanayoitoa. Ndiyo sababu nanusa udongo kabla sijauliza lolote. Udongo wenye afya una harufu ile tunayoipenda sote, ya ardhi kavu ikipata mvua. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa harufu hiyo jina la petrikori. Sehemu yake moja ni geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Kwangu hakuna raha ya bustani inayozidi hiyo, na kila nikiinusa kwenye chungu najua mizizi ya humo inapumua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha watu vibaya kwa miaka kadhaa: kokoto chini ya chungu. Nilifundishwa, nami nikafundisha, kwamba tabaka la kokoto husaidia maji kutoka. Nilipoteza mishubiri mitatu mizuri katika vyungu nilivyovipanga kokoto kwa uangalifu mkubwa. Sababu niliielewa nilipofanya jaribio la sifongo, nawe lifanye leo jikoni. Chukua sifongo la mstatili, ulichovye mpaka lishibe, kisha ulishike limelala bapa juu ya sinki. Litadondosha, halafu litaacha. Usiliminye. Sasa ligeuze lisimame kwa ncha yake. Litaanza kudondosha upya, tena sana.

Sifongo ni lile lile na maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo tu. Chini ya kila udongo uliomwagiliwa hubaki tabaka lililojaa maji yasiyodondoka, kwa sababu mvuto wa vijitundu vya udongo unayashikilia. Unene wa tabaka hilo hutegemea aina ya udongo, hautegemei urefu wa chungu. Katika chungu kirefu tabaka hilo ni sehemu ndogo ya chini. Katika chungu kifupi ni karibu nusu ya makao ya mizizi. Ukiweka kokoto, maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye vijitundu vidogo vya udongo kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto, hivyo husimama juu ya kokoto. Umekifupisha chungu, na tabaka la maji umelipandisha hadi kwenye mizizi. Kinachosaidia ni tundu la kutolea maji, na udongo uliochanganywa wote, toka juu hadi chini, na vitu vya chembe kubwa ili uwe na nafasi. Kitambaa au kipande cha kigae juu ya tundu kuzuia udongo usimwagike, sawa.

Kumwagilia kwa ratiba nimekuacha kabisa. Mahitaji ya mmea hubadilika na mwanga, joto, upepo na umri wake, kalenda haijui hayo. Mimi hutumia kidole na uzito. Zamisha kidole hadi kiungo cha pili; kikitoka na udongo mbichi umekishika, subiri. Uzito ni bora zaidi ukishauzoea: nyanyua chungu mara baada ya kumwagilia, kinyanyue tena kila siku, na baada ya wiki mbili mikono yako itakwambia. Siku ya kumwagilia usinyunyize kidogo kidogo juu juu. Mwaga mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyokusanyika kwenye kisahani. Udongo uliokauka kupita kiasi, hasa wenye mboji nyingi, husinyaa na kuachana na ukuta wa chungu, na maji hupita pembeni bila kuulowesha. Huo uketishe ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, unywe kutokea chini.

Wale visubi weusi wanaoruka ukigusa mmea nao ni habari ya maji. Hutaga kwenye udongo wa juu uliolowa, na mabuu wao hula kuvu na vijizizi. Acha sentimita mbili tatu za juu zikauke kila mara kabla ya kumwagilia, watapungua wenyewe. Dawa sijawahi kuihitaji.

Usichanganye haya na matone unayoyaona asubuhi yamejipanga kwenye kingo za majani ya nyasi au nyanya. Watu huniuliza kama ni ugonjwa. Usiku vinyweleo vya majani hufungwa na maji hayapotei hewani, lakini mizizi huendelea kuyasukuma juu, mpaka yakatokea kwenye vijitundu vya ukingoni mwa jani. Umande hulowesha jani zima. Haya hukaa kila moja mahali pake, kama shanga. Ukiyakuta, mizizi iko kazini.

Monstera ya yule mama tuliikata mizizi yote iliyooza kwa mkasi safi, tukaipanda kwenye chungu kidogo zaidi cha udongo wa kuchoma, ambacho kuta zake hupitisha hewa na unyevu. Nilimwomba asubiri mpaka chungu kiwe chepesi, hata kama moyo utamsuta. Jani moja la chini lilianguka. Wiki ya saba alirudi nacho, akakiinua juu ya kichwa changu ili nione kitako chake. Kwenye tundu ulikuwa umechungulia mzizi mmoja mweupe.