“Imekaa Tu Kabatini, Haijaguswa”

Jumanne kijana mmoja kaniletea kamera ya filamu, Canon AE-1, kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Hata sijaishika, kaanza: “Fundi, hili ni zali. Ilikuwa ya mzee mmoja, imekaa kabatini tangu miaka ya tisini, haijaguswa kabisa. Wewe iangalie tu.” Nikatia betri, nikabonyeza. Ikakohoa kama mwenye pumu.

“Si ndivyo zinavyolia za zamani?”

Hapana, mdogo wangu. AE-1 ilitoka mwaka 1976 na haikutoka kiwandani na kikohozi. Gia zinazopandisha kile kioo cha ndani zimekauka mafuta, na zimekauka kwa sababu hiyo hiyo unayoisifia: haijaguswa.

Sentensi hii naisikia kila wiki, na wauzaji wameshajua inavyouza. Wateja wangu wanaichukulia kama cheti. Mimi nikiisikia, natayarisha bisibisi. Kamera ni springi, gia na mapazia ya shata, yale yanayofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Grisi iliyowekwa humo miaka 40 iliyopita haikai ilivyo: mafuta yake yanatambaa au yanakauka, yanabaki yale mazito yanayonata kama gundi. Kamera iliyokuwa inatumika kila Jumapili kupiga harusi, gia zake zilikuwa zinazunguka na kila baada ya muda fundi aliifungua. Ya kabatini imeganda ilivyo. Kwa hiyo kati ya Nikon FM2 iliyochubuka rangi hadi shaba inaonekana na nyingine inayong’aa kama imetoka dukani jana, mimi nitaishika kwanza ile iliyochubuka. Ile imekuwa kazini.

Halafu kabati lenyewe. Tunaishi Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70. Lenzi ndani ya mfuko wake wa ngozi, mfuko ndani ya kabati la mbao, kabati ukutani, giza, hewa haipiti. Umewajengea fangasi nyumba na ukawafungia mlango. Wanaota kama utando wa buibui juu ya kioo, na wakikaa muda mrefu wanatoa asidi inayokula ile rangi ya kinga iliyopakwa kwenye lenzi. Utando naweza kuufuta. Alama iliyochimbwa siwezi, na wala mwingine hawezi, hata akikuapia. Ule mfuko wa ngozi mzuri unaoufurahia? Uweke sebuleni kama pambo. Lenzi ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na itolewe ipigwe na mwanga mara kwa mara.

Bado sponji. Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya sabini zina vipande vya sponji nyeusi vinavyozuia mwanga usiingie mlangoni, na kingine kinachopokea kioo kinaporuka juu. Vikizeeka vinageuka lami, iwe umeitumia kamera au umeilaza. Bado betri iliyosahaulika ndani, ikavuja, ikaacha unga wa kijani uliopanda hadi kwenye nyaya.

Basi ukikutana na muuzaji, usimuulize imekaa wapi. Kama ni kamera ya mitambo kama Pentax K1000, weka kasi ya sekunde 1, bonyeza, sikiliza. Ikichukua sekunde tatu, au ikikwama katikati, hiyo ni grisi. Kisha fungua mgongo, ielekeze dirishani, weka 1/1000 na ubonyeze huku unatazama: fremu yote imulike. Ukiona ukanda mweusi upande mmoja, mapazia hayakimbii sawa. Lenzi imulike na tochi ya simu kutokea nyuma. Dakika tano zinatosha. Na tafadhali, usipulizie mafuta ya bawaba za mlango. Yatafika kwenye vibati vya apacha, lile tundu la lenzi linalopanuka na kusinyaa, na kwenye kioo, nami nitakutoza mara mbili, moja kwa kazi na moja kwa hasira.

Mengine ninayoyasikia mtaani nayamaliza haraka.

Kuiweka kwenye mchele. Mchele ni wa pilau. Unaacha unga ndani ya mashine, na unyevu hauutoi kama silika inavyoutoa.

Kuianika juani. Kwa lenzi iliyogeuka njano, kama Super Takumar 50mm f/1.4 zenye kioo cha thoriamu (metali yenye mionzi), kweli inasaidia: wiki kadhaa za jua zinaipunguza njano. Ila funika upande wa nyuma, isije ikakusanya miale ikachoma pazia la dirisha. Kwa fangasi, jua linaweza kuwaua, lakini maiti zao zinabaki pale pale kwenye kioo.

“Za zamani hazihitaji betri.” K1000 inaitaka kwa kupima mwanga tu. AE-1 bila betri ni jiwe. Na zile zilizotengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ukizitilia alkali ya 1.5, nyingi kipimo kinadanganyika kwamba mwanga ni mwingi na picha zinatoka giza. Nunua betri namba 675 za vifaa vya kusaidia kusikia, zina volti 1.4. Zungushia kipete cha raba ili zisicheze.

“Adapta ipo, lenzi yoyote inaingia.” Inaingia, ndiyo. Helios 44-2 ya skrubu ya M42 inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Nikon yenye kile kioo cha ndani kinachoruka tayari ina 46.5, kwa hiyo ukipachika kwa adapta ya pete tupu, isiyo na lenzi ndani, utapiga maua ya karibu vizuri, ila mlima wa mbali hautatoka wazi. Kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo hicho, hakuna shida.

Na Leica ya bei ya kutupa yenye nembo ya Olimpiki ya 1936. Fungua lenzi, tazama kile kidole cha ndani kinachosukumwa na lenzi wakati wa kufokasi. Leica ina kigurudumu kidogo. FED na Zorki, kamera za Kisovieti zinazofanana nayo, mara nyingi zina ulimi. Ukiona ulimi, una FED au Zorki iliyochongwa jina la kigeni. Si kamera mbaya hata kidogo, ninayo moja. Kama ni Zorki 4, vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi ya shata. Wanaoanza na kasi ndio wanaonilipia kodi ya pango.