Barua ya mwanasesere kutoka Helsinki: kushika viambishi vya mahali vya Kifini

Zoezi lenyewe ni jepesi. Mwanasesere, kwa Kifini *nalle* akiwa dubu wa kitambaa, anatembezwa mjini, anapigwa picha kwenye vivutio, kisha mwanafunzi anaandika barua kwa niaba yake kwenda nyumbani. Kwa Mswahili anayejifunza Kifini, naliweka mbele ya majedwali yote ya kukariri. Mtalii hana kazi nyingine zaidi ya kufika, kuwapo na kuondoka, na hapo hasa ndipo Kifini kinapotutoa jasho.

Sisi tuna -ni moja tu. Nipo mjini, naenda mjini, natoka mjini: neno ni lilelile, kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. Kifini kinaubandika mwelekeo kwenye nomino yenyewe. *Helsingissä* ni kuwapo Helsinki, *Helsinkiin* ni kuelekea huko, *Helsingistä* ni kutoka. Angalia pia nk inavyolegea kuwa ng katika mawili kati ya hayo. Kwa mji wa Turku k inapotea kabisa: *Turussa*, *Turusta*, lakini *Turkuun*.

Hii hapa barua ya kuanzia:

*Helsingissä 12. kesäkuuta*
*Hei äiti!*
*Tulin Helsinkiin maanantaina. Eilen kävin Suomenlinnassa. Menin sinne lautalla, ja matka kesti viisitoista minuuttia. Näin vanhan linnoituksen ja kaksi lokkia. Kauppatorilla join kahvia ja söin korvapuustin. Huomenna lähden Helsingistä Turkuun.*
*Terveisiä Helsingistä!*
*Nalle*

Yaani: Mama, hujambo! Nilifika Helsinki Jumatatu. Jana nilitembelea Suomenlinna. Nilikwenda kwa kivuko, safari ikachukua dakika kumi na tano. Niliona ngome ya kale na shakwe wawili. Pale Kauppatori, soko la bandarini, nilikunywa kahawa na kula andazi la mdalasini. Kesho natoka Helsinki kwenda Turku. Salamu kutoka Helsinki!

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye *kävin*. Mswahili anawaza "nilikwenda", anaandika *kävin Suomenlinnaan*, na ni kosa. *Käydä* ni kwenda, kukaa kidogo na kurudi. Kifini kinakihesabu kitenzi hiki kama kuwapo mahali, kwa hiyo kinataka *-ssa*. *Menin* ni mwendo wa kuelekea tu, nacho ndicho kinachosema *Suomenlinnaan*. Ukiweza kuweka "nilitembelea" katika sentensi yako ya Kiswahili, tumia *kävin*.

Kahawa na andazi havikupata mwisho mmoja. *Kahvia* ni kahawa kiasi fulani, haina mpaka. *Korvapuustin* ni andazi zima, limeliwa likaisha. Ukikanusha, uzima unaondoka: *en nähnyt linnoitusta*, sikuiona ngome. Na baada ya namba usitafute wingi. Shakwe wawili ni *kaksi lokkia*, nomino ikibaki umoja katika umbo lile la "kiasi", kama ilivyo *viisitoista minuuttia*.

Herufi -n mwishoni mwa *tulin*, *menin* na *join* ni "ni-" yetu iliyohamia nyuma, ndiyo maana barua haikuhitaji *minä* hata mara moja. Ukisimulia habari za mwanasesere mwenyewe, *hän* ni kama yeye: haibagui mume na mke.

Kabla ya kuandika, chagua sehemu tatu na uandike kila moja pembeni katika maumbo yake matatu. Ukiruka hatua hii utajikuta unabahatisha katikati ya sentensi. Kisha sentensi sita zinatosha. Zikizidi, makosa yanajificha. Ukimaliza soma kwa sauti, mkazo kwenye silabi ya kwanza, si ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Urefu wa sauti uheshimu: *tuli* ni moto, *tuuli* ni upepo, *tulli* ni forodha. Jina la mwezi liandike kwa herufi ndogo.

Barua ya pili ipeleke mji wa Tampere. Miji kadhaa, pamoja na Rovaniemi, haitumii *-ssa* bali *-lla*: *Tampereella*, *Tampereelle*, *Tampereelta*. Kwa majina ya miji usibahatishe, ujifunze mji pamoja na kiambishi chake. Kwa vitu vya kawaida, pa na mu zetu zinasaidia: mfukoni mna kitu, *taskussa*, mezani pana kitu, *pöydällä*. Mnara wa Näsinneula, uliofunguliwa 1971 na wenye urefu wa mita 168, unakupa *-lla* na *-ssa* katika sentensi moja, kwa kuwa mtalii anaingia ndani ya mnara: *Kävin Tampereella Näsinneulassa.*