Mwanga wa Bluu Haufanyi Kazi ya Sabuni: Utakasaji wa Vifaa vya Kinyozi na Saluni

Kufuatia malalamiko ya wazazi ambao watoto wao wameota mashilingi (mapunye, yaani fangasi wa ngozi ya kichwa) siku chache baada ya kunyolewa, ofisi yetu ya afya ya mazingira inawakumbusha wenye saluni utaratibu wa kutakasa vifaa. Hatuna shaka na nia yenu. Kasoro iko kwenye mpangilio wa kazi.

Kifaa chenye nywele, mafuta au damu hakitakasiki. Mkaguzi hufungua kasha la mwanga wa bluu, lile linalodhaniwa kuua vijidudu, akakuta meno ya mashine yamejaa vinyweleo vya mteja wa asubuhi, huku kinyozi akimhakikishia kwamba "imeshaiva". Haijaiva. Mwanga huo huishia pale unapomulika, hauingii katikati ya meno, na kasha hilo linafaa kuhifadhia kifaa ambacho tayari ni safi. Kuwasha kiberiti juu ya spiriti nako ni mbwembwe za kumfurahisha mteja.

Mikasi, vitana na vyuma vya kucha visuguliwe kwa brashi na sabuni, visuuzwe, kisha vizamishwe vyote, mkasi ukiwa umeachama, katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, kikombe kikiwa ni kile kile. Kuongeza jiki "ili ikolee" hula chuma, na mchanganyiko wa jana umwagwe. Baada ya hapo vifaa visuuzwe tena na kukaushwa.

Mashine ya umeme haizamishwi: ichomolewe, ipigwe brashi, meno yafunguliwe kwa bisibisi na kuoshwa, yapakwe spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe, ndipo yatiwe mafuta.

Wembe ni wa mteja mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo mjadala wa kuufuta na kuutumia tena tumeshauchoka.

Ukaguzi hufanyika kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Anayekutwa na kasoro hupewa ilani ya maandishi inayotaja kasoro hiyo na muda wa kuirekebisha. Muda ukiisha, afisa afya hurudi kukagua, na asiyetekeleza anaweza kufikishwa mahakamani. Kukataa kusaini ilani hakuifuti.