Ramani ya topografia ni nini?

Ni ramani inayoonyesha umbo la ardhi pamoja na vilivyo juu yake: mito, njia, mashamba, nyumba. Mabonde na miinuko huchorwa kwa mistari ya kahawia iitwayo kontua, na mtu wa pwani ataielewa upesi kuliko wa bara. Chukulia bahari ya Malindi imejaa isivyowahi kujaa, imepanda mita 20, ikatulia, kisha ikaacha mstari wa mwani na takataka kote ilikofika. Mstari huo ndio kontua ya mita 20. Ikijaa tena hadi 40, unapata wa pili. Mistari ikibanana, pana mteremko mkali; ikiachana, ni tambarare.

Skeli iliyozoeleka Kenya ni 1:50,000, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Nyumba yenye upana wa mita 10 ingekuwa moja ya tano ya milimita, kwa hiyo huwekewa kitone cheusi kikubwa kuliko haki yake.

Utamu uko kwenye ramani za zamani. Mji wetu wa Malindi umepanuka sana, mashamba yamekatwa ploti, na mitaa mingi ya pembezoni haimo kabisa kwenye karatasi hizo. Ardhi yenyewe imo, kabla haijafunikwa na mabati. Dalali akikuapia kwamba kiwanja ni pakavu mwaka mzima, tafuta rangi ya buluu: kijito, kisima, alama ya kinamasi. Kontua peke yake haitoshi huku kwetu, maana bonde la mita tatu, linalotosha kabisa kuzamisha sebule wakati wa masika, hupotea katikati ya mistari miwili bila kuonekana.

Angalia pia tarehe, nayo huwahadaa wengi. Ramani hizi nyingi zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na huenda karatasi ilichapishwa miaka kadhaa baadaye. Mwaka unaoutaka ni wa picha.

Kwa Malindi jambo hilo ni zito. Mto Athi hutoka nyanda za juu, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na unapotufikia ni Sabaki, mwekundu kwa udongo wa bara. Udongo huo umeusukuma ufuo wa ghuba kuelekea baharini. Ukiona kwenye karatasi ya zamani maji yamechorwa mahali ambapo leo watoto wanacheza mpira, mchoraji hakukosea.