Tumbo Lililolegea Baada ya Kuzaa: Maswali ya Kujibiwa Kabla ya Kufikiria Upasuaji

Nimezaa watoto watatu, na wa mwisho ana miezi saba. Uzito umerudi karibu na ule wa zamani, lakini nikiinama ngozi ya tumbo inaning'inia. Je, dawa yake ni upasuaji wa kukaza tumbo?

Kwanza ni lazima ijulikane ni nini hasa kinachoning'inia, kwa sababu neno kitambi hubeba mambo matatu tofauti: mafuta, misuli ya mbele ya tumbo iliyoachana kwa kusukumwa na mfuko wa uzazi, na ngozi iliyovutika kupita uwezo wake wa kujirudi. Mafuta hupunguzwa kwa chakula na mazoezi. Misuli mara nyingi husogeleana yenyewe katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua, na mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia huweza kuiimarisha zaidi. Ngozi iliyolegea sana na kujaa michirizi haikazwi na zoezi lolote, wala na krimu yoyote, hata iuzwe kwa bei gani.

Unaweza kujipima nyumbani. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega taratibu. Ukihisi kingo mbili za misuli na katikati yake pana bonde linalozidi upana wa vidole viwili, misuli yako imeachana. Baada ya hapo simama, ufinye ngozi iliyo chini ya kitovu: ikiwa ni nyembamba kama pindo la kanga, tatizo ni ngozi, na ikiwa ni nene na imejaa kiganjani, sehemu kubwa ni mafuta. Kitovu kikiwa kimetokeza na kinauma unapokohoa, huenda ni ngiri, na hiyo inahitaji daktari hata kama huna haja ya urembo.

Mama mkwe anasema nilikosea kutofunga tumbo kwa mkanda na kutokandwa vizuri. Ni kweli?

Hapana. Kufunga tumbo kwa kanga au mkanda humpa mzazi egemeo, hasa mgongo unapouma au mshono unapovutwa, na hakuna ubaya kufanya hivyo kwa kiasi. Lakini mkanda haurudishi ngozi, na ukikazwa mno husukuma shinikizo chini kwenye misuli inayoshikilia kibofu na kizazi, ambayo tayari imechoka kwa uzazi. Kukandwa kwa maji ya moto nako hakukazi ngozi, ila kumewahi kuwaunguza wazazi, jambo la hatari zaidi kwa mwenye mshono, ambaye ngozi iliyo karibu na kovu huweza kuwa na ganzi asihisi joto lilivyozidi. Mama mkwe asibishiwe kwa ukali. Aelezwe tu kwamba ngozi ya mtu mmoja hurudi na ya mwingine hairudi kwa sababu ya maumbile, umri, idadi ya mimba na ukubwa wa tumbo lililobebwa.

Upasuaji huo hufanywaje?

Mgonjwa hupewa nusu kaputi, kisha daktari hukata mstari mrefu juu kidogo ya kinena, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Ngozi huinuliwa kutoka kwenye misuli hadi karibu na mbavu, misuli iliyoachana hushonwa pamoja katikati, ngozi huvutwa chini, iliyozidi hukatwa, na kitovu hutolewa kupitia tundu jipya. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na mara nyingi huachwa mirija midogo ya kutolea majimaji kwa siku chache.

Kinachosahaulika wakati wa kupanga ni maisha ya nyumbani baadaye. Siku za mwanzo utatembea umeinama, utalala magoti yakiwa yamekunjwa, na kwa takriban wiki sita hutanyanyua kitu kizito. Mtoto wako wa miezi saba ana kilo saba au nane, na ndoo ya maji ya lita ishirini ina kilo ishirini. Kama hakuna wa kumbeba mtoto na kuchota maji kwa muda wote huo, upasuaji haujapata wakati wake.

Hatari zake ni zipi?

Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kipande chake kusafiri hadi kwenye mapafu ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa huweza kuua. Ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kuanza kutembea mapema. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni lazima kurudi hospitali saa hiyohiyo. Yako pia maambukizi, majimaji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kuchelewa kupona, hasa kwa wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa, na ganzi chini ya kitovu. Kovu halifutiki. Ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, kwa hiyo ukiwa na kovu lililovimba hata la kutoga masikio, mwoneshe daktari kabla ya kukubaliana lolote.

Kwa nini nisubiri? Na je, wanaozaa kwa upasuaji hawawezi kufanyiwa yote kwa mkupuo mmoja?

Madaktari wengi hawashauri kuunganisha. Siku ya kujifungua ngozi bado imevutika na mfuko wa uzazi ni mkubwa, hivyo haiwezekani kupima ni kiasi gani kikatwe, na hatari ya damu kuganda tayari imepanda kutokana na ujauzito. Subiri angalau miezi sita baada ya kujifungua, uwe umemaliza kunyonyesha, na uzito umetulia kwa miezi kadhaa. Kwako wewe, kama bado unanyonyesha, jibu la leo ni bado. Upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida baada ya uzazi wa karibukaribu, nao hutibiwa kwanza.

Nitamjuaje daktari anayefaa?

Tafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, si mwenye saluni wala kliniki inayojitangaza kwa picha za kabla na baada. Usajili wa daktari huthibitishwa Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kwa baraza linalosimamia madaktari wa tiba na wa meno. Uliza pia ni nani atakayetoa dawa ya usingizi, na damu itapatikana wapi ikihitajika.

Nikishika mimba tena baadaye?

Mimba hubebwa salama, lakini ngozi na misuli huweza kulegea upya, kwa hiyo ni bora kumaliza uzazi kwanza. Kama unazuia mimba kwa vidonge vyenye homoni ya estrojeni, mjulishe daktari mapema, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda na huenda akakubadilishia njia wiki kadhaa kabla ya siku ya upasuaji.